Kimo cha Maji, Si Wingi Wake

Mama mmoja, muuguzi mstaafu ambaye nyumba yake iko kwenye mteremko wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, aliingia dukani kwangu asubuhi moja ya kiangazi akiwa ameshika kichwa cha shawa mkononi, kama mtu aliyeleta kielelezo mahakamani. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amenunua kwangu simtanki la lita 2,000, akajengewa mnara wa matofali wa mita tatu, na fundi akamvutia bomba hadi bafuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakiweka kile kichwa cha shawa juu ya kaunta. "Mwanangu," alisema, "haya maji yananidondokea tu begani, hayaogeshi. Fundi anasema tanki ni dogo, halina nguvu ya kusukuma. Nipe la lita 5,000."

Nilijua kwamba hilo la lita 5,000 halitasukuma zaidi, na bado nikamuuzia. Duka lina kodi, ghalani palikuwa na matanki makubwa matatu yaliyokaa tangu mfungo wa Ramadhani, na mteja aliyekuja na fedha taslimu akitaja kitu ambacho kipo humfanya muuzaji asite kufungua kinywa. Baada ya wiki tatu alirudi, safari hii mikono mitupu, akasimama mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nilimpa tanki bovu. Angenigombeza ningejitetea, sauti ile ya chini ndiyo iliyonikaa moyoni. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza, pamoja na mengine niliyoyaelewa vizuri zaidi wakati nilipokuwa natafuta namna ya kumweleza.

Vitabu vya shule huliita jambo hili kanieneo. Dukani hakuna anayelitumia neno hilo. Mafundi husema presha, nami nitasema presha, kwa kuwa ndilo neno ambalo watu huja nalo wanapotafuta koki na geji ya kuipimia. Ili kuielewa, tuchukue nguzo ya maji iliyo nyembamba sana, yenye kitako cha sentimita moja kwa sentimita moja, sawa na ukucha wa kidole gumba, tuisimamishe hadi ifikie kimo cha mita moja. Ndani ya nguzo hiyo mna sentimita za ujazo 100 za maji, na maji hayo yana uzito wa gramu 100. Kitako chake, basi, kinabeba gramu 100. Tukiirefusha nguzo hadi mita kumi, kitako kilekile kitabeba kilo moja. Hiyo kilo moja kwa kila sentimita ya mraba inakaribiana sana na bar moja inayoandikwa kwenye geji, na katika makala hii nitaiita kilo tu ili nisimchoshe msomaji. Mita kumi za kimo ni kilo moja, mita moja ni sehemu moja ya kumi ya kilo, na katika hesabu yote hiyo hakuna mahali popote ambapo nimelazimika kutaja lita.

Sasa turudi nyumbani kwa yule mama. Sakafu ya mnara wake iko mita tatu kutoka ardhini, na tanki la kwanza likijaa maji yake yana kina cha mita moja na nusu, hivyo uso wa maji uko mita nne na nusu juu ya ardhi. Shawa imefungwa kwenye mita mbili. Kinachosukuma maji shawani ni tofauti ya vimo hivyo viwili, yaani mita mbili na nusu, ambayo ni robo ya kilo. Na tanki likikaribia kukauka, inabaki mita moja tu. Tanki jipya, likijaa kabisa, lina kina cha mita mbili hivi. Mama yule aliongeza nusu mita ya kimo kwa bei ya tanki zima, tena nusu mita ambayo haikuonekana kamwe, kwa sababu mgao wa maji ulioweza kulijaza tanki dogo uliliacha lile kubwa nusu tupu.

Fundi wake ni mzee wa Ujiji ambaye amejenga nyumba nyingi za mtaa ule, na simbezi hata kidogo. Nilipomfuata kwenye kazi yake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani kila mtu mwenye akili timamu angeliuliza: "Kijana wangu, tani mbili za maji na tani tano za maji zikikaa juu ya mnara mmoja, zipi zinasukuma zaidi?" Jibu ni kwamba tani tano zinasukuma zaidi kweli, lakini kinachosukumwa ni mnara. Ndiyo maana matofali ya pembeni yalikwisha kuonyesha ufa. Ndani ya tanki lenyewe, kila sentimita ya mraba ya kitako hubeba nguzo yake peke yake, na tanki kubwa lina kitako kipana zaidi, kiasi kwamba tani zilizoongezeka zimeukalia upana ulioongezeka. Tundu la bomba halipati faida yoyote kutokana na maji yaliyo mita moja pembeni yake, isipokuwa kimo chao tu.

Maneno yangu hayakumridhisha. Lakini katika begi lake la kazi mlikuwa na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ule ambao mafundi wetu huutumia kupimia levo ya msingi: unaujaza maji, unahakikisha hakuna povu la hewa ndani, mtu mmoja anashika ncha kwenye kona hii ya nyumba na mwenzake kwenye kona ile, na popote maji yatakaposimama katika ncha zote mbili ndipo penye usawa mmoja. Nilimwomba tuutumbukize upande mmoja ndani ya pipa la maji ya kuchanganyia zege lililokuwa pale uani, pipa la lita 200 lililokaribia kujaa, na upande wa pili tuusimamishe kando yake. Maji yaliyokuwa yamesimama katika upande ule wa nje yasingejaza kikombe cha kahawa. Yalipanda, yakatikisika kidogo, yakatulia sawasawa na uso wa maji ya pipa, si juu yake wala chini yake. Mzee akauinua mpira, maji yakabaki palepale. Akauteremsha ncha ikapita usawa wa pipa, maji yakamwagikia miguuni. Kama wingi ndio unaosukuma, pipa lenye kilo zaidi ya mia na hamsini lingeyarusha yale maji ya kikombe kimoja hadi juu ya paa. Alitazama kwa muda, akaukunja mpira wake taratibu, akasema, "Hiyo ni levo. Presha ni jambo jingine."

Siku ile sikuwa na jibu la haraka, na nilirudi dukani nikiwa nimeshindwa hoja na mtu ambaye alikuwa amebeba hoja yangu ndani ya begi lake kwa miaka yote hiyo. Levo na presha ni jambo moja. Maji ndani ya mpira hutulia kwa sababu msukumo wa upande mmoja umelingana na msukumo wa upande wa pili, na misukumo hiyo ingekuwa inategemea wingi, hakuna nyumba hata moja Kigoma ambayo msingi wake ungenyooka. Mholanzi Simon Stevin aliliandika jambo hili mwaka 1586, akionyesha kwamba msukumo wa maji kwenye kitako cha chombo hufuata kimo cha maji na ukubwa wa kitako hicho, hata kama chombo kimebinywa au kimepanuliwa kwa juu. Ni jambo la ajabu mpaka leo, na sioni aibu kukiri kwamba kila nikilitafakari huwa najisikia kama mtu aliyechezewa kiinimacho.

Mambo ya yule mama tuliyamaliza hivi: tanki kubwa liliteremshwa chini liwe akiba, dogo likapandishwa juu ya mnara wa vyuma wa mita saba, na pampu ndogo ikawa inalijaza kutoka lile la chini. Kutoka uso wa maji hadi shawa zikawa zaidi ya mita sita, na robo ya kilo ikageuka kuwa zaidi ya nusu kilo. Pia tuliondoa bomba la nusu inchi lililokuwa na elbo saba, yaani viungo vya kona, kati ya tanki na bafu, tukaweka la inchi moja lenye elbo tatu.

Hilo la bomba linahitaji maelezo, kwa maana hapo ndipo wateja wengi wanapochanganya. Maji yakiwa yamesimama, koki zote zimefungwa, unene wa bomba hauna habari. Geji iliyofungwa kwenye bomba la nusu inchi na iliyofungwa kwenye bomba la inchi nne zitasoma namba ileile mradi zipo kimo kimoja. Ukifungua koki maji yakaanza kukimbia, msuguano na kuta za bomba huanza kuila presha njiani, na bomba jembamba, refu, lenye kona nyingi hula zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kimo cha kutosha na bado akapata maji ya kudondoka, kwa sababu kimo chote kimetumika kuyavusha maji kwenye elbo. Ningeshauri kila anayelalamikia shawa yake aanze kwa kuhesabu elbo kabla hajahesabu lita.

Mji wetu ni mahali pazuri pa kujifunzia haya kwa sababu umejengwa kwa vimo. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege uko kwenye mita 820 na ushee. Na kati ya hapo na juu ya hapo kuna miinuko yenye nyumba. Maji yanatoka ziwani, yanasukumwa na pampu hadi kwenye matanki yaliyojengwa vilimani, kisha yanateremka yenyewe hadi majumbani. Tofauti ya mita hamsini kati ya nyumba ya juu na nyumba ya bondeni ni kilo tano. Bomba ni moja, ila aliye karibu na usawa wa tanki anakinga ndoo huku akisubiri, na aliye chini akifungua koki haraka anajirushia maji kifuani. Watu wa juu husema wa chini wanapendelewa. Ukweli ni kwamba wanapendelewa na kilima.

Mimi naishi chini, kwenye njia ya kuteremkia Kibirizi, na kwa miaka miwili nilijiona mwenye bahati. Nilipovuta maji kwangu, nilichukua roli ya bomba jeusi la plastiki kutoka rafu yangu mwenyewe, nikachagua la bei nafuu lililoandikwa PN 6. Namba hiyo maana yake ni kwamba bomba limetengenezwa kuhimili bar sita, yaani kimo cha mita sitini za maji. PN 10 ni mita mia moja, PN 16 ni mita mia moja na sitini. Nilipima presha mchana kwa geji, ikasoma kilo tatu, nikaona nimebakiwa na nafasi maradufu. Usiku mmoja, saa nane hivi, tuliamshwa na mlio kama wa tairi la lori, na tulipotoka na tochi tukakuta mchanga wa uani unachemka. Mchana ule nilikuwa nimepima maji yanayokimbia, wakati mtaa mzima ukiwa umefungua koki na msuguano ukila presha njia nzima. Usiku watu wamelala, koki zimefungwa, maji yamesimama, na kimo chote kutoka tanki la kilimani hadi kwangu, ambacho kwa kipimo cha simu yangu ni karibu mita sabini, kinakalia bomba langu la mita sitini. Mabomba hupenda kupasuka usiku kwa sababu hiyo. Kosa lilikuwa langu, nikiwa muuzaji wa bomba lenyewe.

Kwenye mteremko mrefu, wanaobuni mitandao ya maji huweka njiani chemba iliyo wazi kwa juu, ambamo maji humwagika, yakakutana na hewa, na kuanza safari upya yakiwa hayana presha yoyote ya kule yalikotoka. Kimo kinaanza kuhesabiwa tena kutoka kwenye uso wa maji ya chemba hiyo. Wapo wanaoiona chemba hiyo kuwa ni upotevu wa nguvu, nao hawajakosea. Nguvu ile inapotezwa kwa makusudi ili bomba la chini libaki zima.

Mpaka hapa nimezungumzia maji yanayoteremka. Maji ya kuvuta yana kisa chake. Kijana mmoja wa Katonga alinunua mashine ya petroli ya kumwagilia bustani yake ya mchicha na nyanya, akaiweka juu bustanini, mita kumi na moja kutoka usawa wa ziwa, akateremsha mpira wa kuvutia hadi majini. Mashine iliunguruma asubuhi nzima bila kutoa hata tone. Alinirudishia akisema ni feki. Nilikwenda naye, tukaiteremsha mashine ileile hadi kwenye mwamba ulio karibu mita mbili tu juu ya maji, tukaiwasha, na maji yakapanda mita tisa zilizobaki hadi bustanini bila shida yoyote.

Pampu haivuti maji kwa maana tunayoifikiria. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, na kinachoyapandisha maji ni hewa iliyo nje, inayoukandamiza uso wa ziwa na kuyasukumia ndani ya bomba palipobaki patupu. Kwa hiyo maji hayawezi kupanda zaidi ya kimo ambacho uzito wa hewa unaweza kukibeba. Kwenye usawa wa bahari kimo hicho ni mita 10.3. Hapa Kigoma, ambako hewa iliyo juu yetu imepungua kidogo, ni karibu mita 9.4, na ukiondoa msuguano wa mpira na mvuke wa maji unaojitokeza ndani yake, mtu mwenye busara haweki mashine zaidi ya mita sita au saba juu ya maji. Kusukuma hakuna mpaka wa namna hiyo, kunategemea tu nguvu ya mota na uimara wa bomba.

Wachimba visima na mafundi wa pampu wa Italia waliligundua hili zamani, wakamsumbua nalo mwanasayansi Galileo. Aliyelitatua ni Evangelista Torricelli, ambaye badala ya kuhangaika na bomba la mita kumi alitumia zebaki, iliyo nzito kuliko maji mara 13.6, akapata nguzo ya sentimita 76 tu inayoweza kukaa mezani. Katika barua yake ya mwaka 1644 alieleza kwamba sisi wanadamu tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Blaise Pascal akaona kwamba kama ni bahari, basi anayepanda mlima anapunguza kina, na zebaki lazima ishuke. Yeye mwenyewe alikuwa Paris, hivyo akamwomba shemeji yake, Florin Périer, aliyekuwa akiishi Clermont, aupande mlima wa Puy de Dôme akiwa na bomba la zebaki. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda, na kileleni akakuta zebaki imeshuka kwa karibu sentimita 8. Chombo cha pili kilichoachwa mjini chini ya uangalizi siku nzima hakikubadilika. Jina la Pascal ndilo lililopewa kipimo cha presha kinachoandikwa leo kwenye geji nyingine ninazouza.

Tofauti ndogo za aina hii nazisikia kila ninapokwenda kwa wajomba zangu Tabora, mji ulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa inaweza kuyabeba maji chini kidogo ya mita tisa tu, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, ilhali kwetu Kigoma huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu. Chakula kikichelewa kuiva, mke wa mjomba hulaumu maharage. Ni kwa sababu hiyohiyo ya hewa kwamba pampu za mkono za visima virefu huwekewa pistoni chini kabisa, ndani ya maji, na mpini wa juu unafanya kazi ya kuinua fito tu. Pistoni ingekuwa juu, kisima cha mita ishirini kisingetoa kitu. Nayo maji ya Ziwa Victoria yanayofika Tabora yanalazimika kusukumwa, kwa kuwa uso wa ziwa hilo, mita 1,134 hivi, uko chini ya mji wenyewe.

Kilele cha Puy de Dôme kina mita 1,465. Ziwa letu, mahali penye kina kirefu zaidi, lina mita 1,470. Nilipoziona namba hizi mbili kwa mara ya kwanza nilizilinganisha mara kadhaa kwa sababu zinakaribiana mno. Périer alipanda mita elfu moja hivi kutoka mjini akapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya presha ya hewa. Anayeshuka mita elfu moja ndani ya Tanganyika anaongeza kilo mia moja kwa kila sentimita ya mraba. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara mia nane, na tofauti hiyo yote inajitokeza kwenye kimo. Kwenye sakafu ya ziwa, sehemu yenye upana wa ukucha wa gumba inabeba kilo 147, ambazo ni karibu gunia moja na nusu la mahindi. Sakafu hiyo iko takriban mita 700 chini ya usawa wa bahari, na mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza dukani kama presha yake isihesabiwe kutoka usawa huo wa bahari. Haihesabiwi hivyo. Ziwa halina habari na bahari. Kina kinaanza pale uso wa maji ulipo.

Kwa kipimo hichohicho, urefu wa ziwa nao haubadilishi kitu. Mtoto anayezamia mita mbili Kibirizi, kwenye ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 670, masikio yake yanaumia sawasawa na ya mtoto anayezamia mita mbili ndani ya lambo la kijiji.

Baba yangu hakuwahi kusikia habari za Torricelli, ila alipima kina kila siku. Alipima kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita moja na sentimita themanini, na kamba yake ilikuwa na fundo kila pima moja. Asubuhi moja nikiwa na miaka kumi na miwili, ziwa likiwa limetulia na maji maangavu kama kioo, alichukua chupa tupu ya plastiki, akaikaza kifuniko, akaifunga pamoja na jiwe kwenye ile kamba na kuanza kuiteremsha huku mimi nikiwa nimelalia ubavu wa mtumbwi nikitazama. Kwenye pima ya kwanza haikubadilika sana. Kwenye ya tatu mbavu zake zilianza kuingia ndani, kama mtu anayevuta pumzi. Kwenye ya tano ilikuwa imebonyea hadi nusu. Baadaye niliihesabu: pima tano ni mita tisa, na kwa kuwa hewa ya Kigoma yenyewe ina presha ya mita 9.4 za maji, kufika hapo presha inakaribia kuwa maradufu, na hewa iliyofungiwa hubaki nusu ya ujazo wake. Baba aliendelea mpaka pima ishirini, ambako nilikuwa siioni tena, na ambako kwa hesabu hiyohiyo hewa ile ilikuwa imebaki sehemu moja ya tano. Alipoivuta ilipanda ikijifungua polepole, ikafika juu na hewa yake yote, ila imejaa makunyanzi ambayo hayakuondoka.

Hakunieleza kitu, alisema tu, "Umeona sangala anavyotoka?" Nilikuwa nimeona mara nyingi. Sangala aliyenaswa chini sana akivutwa haraka hufika juu tumbo limefura na macho yametoka, kwa sababu kibofu chake cha hewa, kilichokuwa kimekandamizwa huko chini, kinapanuka naye hana njia ya kuitoa hewa hiyo upesi. Dagaa, wanaopanda usiku kufuata chakula chao na kunaswa chini ya taa, hawapati taabu hiyo, kwa kuwa kibofu chao kina kijia cha kutolea hewa. Presha yenyewe haimwui samaki aliye chini. Maji yaliyo mwilini mwake yanasukuma nje sawasawa na yaliyo nje yanavyosukuma ndani, na ni hewa tu inayobonyea. Hata hivyo sakafuni kwa zile kilo 147 hamna samaki kabisa, kwa sababu oksijeni ya ziwa inakwisha kati ya mita 100 na 200 hivi, na chini ya hapo ni maji yasiyopumulika.

Kamba ile ninayo. Ina mafundo thelathini, na mawili yameanza kulika. Nimeitundika dukani kwenye msumari, juu ya rafu ya koki, na mteja akija kuulizia tanki huwa naishusha na kumwomba anieleze kwanza pima ngapi kutoka juu ya mnara wake hadi kwenye shawa. Juzi yule mama alipita kununua mpira wa kumwagilia maua. Alinikuta nimeishika mbele ya mteja mwingine aliyetaka tanki la lita 10,000, akasimama pembeni kusikiliza, na kabla sijamaliza akamwambia, "Baba, usinunue. Panda juu."